Kuonana Tena si Kisingizio cha Uzembe

Katika misiba ya hapa Babati na vijiji vyake liko neno moja lisilokosekana. Turubai limefungwa, mabenchi yamepangwa, kwaya imemaliza wimbo, na mchungaji au katekista amesimama kando ya jeneza. Kabla udongo haujaanza kuanguka atasema kwamba huku si kuachana bali ni kutangulia, na kwamba tutaonana. Wafiwa hulipokea neno hilo kwa machozi. Wengi wetu tumelisikia tangu utotoni, hata tumelizoea kama tulivyozoea salamu za asubuhi. Hata hivyo limebeba jambo zito, na leo tunapenda kulizungumza kwa uwazi mbele ya wananchi, hasa ndugu zetu wa visiwani, na mbele ya viongozi wa serikali ambao kazi yao huwafikisha msibani mara kwa mara.

Mkoa wetu unayo sababu yake ya kulizungumza. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, majira ambayo Wakristo hujikumbusha kwamba Bwana wao atakuja tena na kwamba wafu watafufuliwa. Asubuhi hiyo mvua kubwa ilikuwa imeshiba katika Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Sehemu ya mlima ikameguka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likashuka kwa kishindo hadi katika mji mdogo wa Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Wataalamu walieleza baadaye kwamba haukuwa mlipuko wa volkano, bali ni mwamba uliolainishwa na maji ukashindwa kujishikilia. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Watu waliokuwa wakijiandaa kwenda ibadani kusikia habari za ufufuo walijikuta, kabla ya jua kupanda, wakiwatafuta watoto na wazazi wao ndani ya tope.

Wiki hizo neno lile la kuonana tena lilisemwa mara nyingi sana. Swali letu ni hili: lina maana gani hasa, na linamdai nini yule anayelisema?

Tuanze na maana yake. Wako wanaodhani kwamba tumaini la Mkristo ni kuwaza tu kwamba roho ya marehemu imepanda juu na kutulia mahali pazuri. Mafundisho ya kanisa yanakwenda mbali zaidi ya hapo. Kanuni ya Imani, inayokaririwa kila Jumapili katika makanisa mengi ya mkoa huu, inakiri ufufuo wa mwili. Maana yake ni kwamba mtu mwenyewe, mwenye jina lake na historia yake, hatapotea mbele za Mungu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Thesalonike kwa sababu walikuwa na hofu ile ile tuliyo nayo sisi: ndugu zao wamekufa kabla ya Bwana kurudi, je, wamekosa? Akawajibu kwamba waliolala hawatatangulizwa na walio hai, na kwamba wote watakusanywa pamoja. Hakuwakataza kulia. Aliwaomba tu wasilie kama watu wasio na tumaini lolote.

Tukiri pia mipaka ya tumaini hilo. Masadukayo walipomwuliza Yesu juu ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba mmoja baada ya mwingine, kwamba siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani, hakuwachorea ramani ya mambo ya huko. Aliwaambia kwamba maisha yale hayaendeshwi kwa taratibu za ndoa za hapa duniani, na kwamba Mungu ni Mungu wa walio hai. Kwa hiyo mhubiri anayeeleza kwa kina jinsi familia zitakavyokaa mbinguni, nani kando ya nani, anasema zaidi ya alichopewa. Mkristo ameahidiwa kwamba upendo hauzikwi. Namna ahadi hiyo itakavyotimizwa ameachiwa Mungu.

Ndugu zetu wa visiwani, ambao wengi wao ni Waislamu, wasidhani kwamba mazungumzo haya hayawahusu. Hebu tazameni maneno yenyewe tunayoombolezea huku bara. Marehemu ni mtu aliyerehemiwa. Kaburi, roho, rehema, kiyama, ahera: maneno yote haya yalipanda kutoka pwani pamoja na lugha yetu, na yalikuwa midomoni mwa Waislamu kabla Wakristo hawajayatumia katika Biblia ya Kiswahili. Mwiraqw au Mgorowa anayemzika mama yake hapa Babati analia kwa msamiati uliolelewa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa. Imani zetu zinatofautiana katika mambo mazito, na hatuna nia ya kuzichanganya. Lakini kwamba kifo si mwisho, na kwamba kila nafsi itasimama mbele ya Muumba wake, ni jambo tunalolisema kwa maneno mamoja.

Tena wenzetu wa visiwani wanajua msiba ambao sisi wa nchi kavu tuliuonja kidogo tu Hanang, nao ni msiba usio na kaburi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria waliozidi kidogo 600, lakini iliondoka bandarini na watu wengi mno kupita kiasi hicho. Miili iliyopatikana ilikuwa 200 na ushei. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake mwaka 2012, ilibainika kwamba waliokufa na kupotea walizidi 1,500. Kina cha bahari na nguvu ya mkondo viliwashinda wapiga mbizi. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Ziwa Victoria nalo lina orodha yake: MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na ufuko wa kisiwa cha Ukara.

Mama wa Pemba ambaye mwanawe hakuonekana tena hana mahali pa kwenda kusoma dua juu ya udongo. Dini yake humfariji kwamba aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Mkristo aliyepoteza mtu katika maji yale yale naye anayo faraja yake: kitabu cha Ufunuo kinasema kwamba siku ile bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Mwandishi wake aliandika akiwa mtu aliyetupwa kisiwani, huko Patmo, na bahari ilikuwa mbele ya macho yake kila siku. Alijua kwamba bahari huwatenga watu. Akaona haistahili kuwa na neno la mwisho.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha maoni yetu. Tumaini hili ni mali ya wafiwa. Ni chakula cha mwenye njaa ya msiba. Lakini mara nyingi tumeona likiazimwa na watu wasiostahili kuliazima. Meli inajazwa mara mbili ya uwezo wake, inazama, na kabla miili haijakwisha kuopolewa anasimama mtu mwenye dhamana na kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kivuko kinazidiwa siku ya gulio, watu wanakufa wakiiona nchi kavu, nasi tunaambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli haina makosa. Lakini kukata tiketi kupita kiasi, kufumba macho bandarini na kujenga nyumba ndani ya mkondo wa maji ya mlima si kazi ya Mungu. Ni kazi yetu, na ina makosa mengi.

Mfiwa akisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, anaungama imani yake, nasi tunanyamaza kwa heshima. Afisa aliyepaswa kuhesabu abiria akisema maneno hayo hayo, anajifutia deni. Maneno ni yale yale, lakini kinywa kimebadilika, na maana imebadilika pamoja nacho.

Tusiwe waonevu. Maporomoko ya Hanang hayakusababishwa na nahodha mlevi wa fedha wala karani wa bandari. Mlima uliporomoka. Serikali ilifika upesi, askari na vijana wa Katesh walichimba kwa mikono, Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Unguja, alikatiza safari yake ya nje akarudi nchini, na gharama za mazishi na matibabu zikabebwa na serikali. Nyumba zilijengwa kwa waliopoteza makazi. Haya yasemwe, maana ni kweli. Lakini hata palipo na msiba wa asili bado liko swali la nani alijua wapi maji hupita, nani aliruhusu ujenzi pale, na nani aliye na orodha kamili ya waliokuwa wamelala katika nyumba zile usiku ule.

Wapo watakaotupinga kwa upande mwingine. Watasema kwamba tumaini la kuonana tena ndilo linalowalegeza watu. Kwamba mtu akiahidiwa mbinguni hadai haki yake duniani. Na kwamba afadhali viongozi wa dini wanyamaze ili wananchi waamke. Hoja hii ni ya zamani na si ya kudharauliwa, kwa sababu yako mahubiri yanayoistahili. Lakini msingi wake haujasimama sawasawa. Asiyetarajia kuonana tena na wafu wake anaweza kuwasahau bila hofu. Anayetarajia kuonana nao hawezi, kwa kuwa mtu utakayekutana naye kesho unamwandalia jibu leo.

Tena ipo habari katika Injili ya Yohana ambayo kila mhubiri huisoma msibani, lakini wachache huitazama hadi mwisho. Lazaro amekufa siku nne. Yesu anafika Bethania akijua atakachofanya, na bado analia. Kwa hiyo chozi la mfiwa si upungufu wa imani, na mchungaji anayewakemea wanawake wasilie ana jambo la kujifunza hapo. Kisha Yesu anafika kaburini, na kabla ya lolote anawaambia watu waliondoe jiwe. Baada ya Lazaro kutoka anawaambia watu wamfungue sanda. Kumrudishia mtu uhai hakuna mwanadamu aliyeombwa kukufanya. Kuondoa jiwe na kufungua sanda waliombwa wanadamu, tena majirani wa kawaida waliosimama pale na mikono yao.

Jiwe letu ni lipi? Kwa maoni yetu liko katika mambo manne.

La kwanza ni hesabu ya walio hai. MV Bukoba ilipozama, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Maskini waliondoka bila kuandikwa popote, na ndiyo maana idadi ya waliokufa haikupata kujulikana kwa uhakika. Tangu 1996 nchi imepita katika tume nyingi na ahadi nyingi. Kila abiria apandaye chombo, awe wa Ukara, wa Mafia, wa Tumbatu au wa Pemba, aandikwe jina lake kamili, na orodha ibaki nchi kavu. Vilevile daftari la wakazi katika ofisi ya kitongoji na ya shehia lisiwe kitabu cha kutafunwa na panya hadi uchaguzi ufike.

La pili ni heshima ya asiyetambuliwa. Panapokuwa hakuna budi kuzika haraka, na joto la nchi yetu halingoji, basi picha ichukuliwe, nguo na alama za mwili ziandikwe, sampuli ya vinasaba ihifadhiwe kwa ajili ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kaburi lipewe namba isiyofutika. Baadhi ya waliokufa na MV Nyerere walizikwa huko huko Ukara. Wengi wa MV Bukoba wamelala Igoma, Mwanza. Ndugu anayekuja baada ya miaka mitano kuuliza habari za mtu wake asijibiwe kwa kuonyeshwa kichaka kwa kidole. Yuko atakayesema kwamba Mungu anawajua walio wake, na kwamba namba hazina haja. Mungu anawajua, hilo halina ubishi. Asiyejua ni mtoto aliyeachwa, na alama ile inawekwa kwa ajili yake.

La tatu ni karatasi. Mjane wa mtu aliyezama bila kuonekana si mke wala si mjane mbele ya meza ya ofisi. Hana cheti cha kifo; kwa hiyo hana mirathi, hana akiba ya mumewe, na pengine hana nyumba. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini kwa upande wa bara, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa upande wa Zanzibar, zisaidiane na mahakama ili maafa yanapothibitishwa na dola yenyewe, mfiwa asilazimishwe kuthibitisha upya, peke yake, jambo ambalo taifa zima liliombolezea kwa bendera nusu mlingoti. Anayemwambia mjane kwamba atamwona mumewe siku ya mwisho, kisha akamzungusha miaka kumi kwa muhuri mmoja, amemlaghai mara mbili.

La nne ni makaburi yenyewe. Mkoa huu una kovu lake katika jambo hili. Mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO yalipofunguliwa Basotu, Hanang, katika miaka ya 1970 na kuendelea miaka ya 1980, Wabarabaig walilalamika kwamba matrekta yalilima juu ya makaburi ya wazee wao, yale matuta ya heshima wanayoyajenga na kuyatembelea vizazi hata vizazi. Wengi wao hawakuwa Wakristo wala Waislamu, lakini walijua kwamba aliyezikwa bado ni mtu wa ukoo. Nchi ilikuwa na sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969. Lakini sheria hainusuru kaburi ambalo mwenye trekta hakutaka kuliona. Barabara, mabwawa na viwanja vipya vinaendelea kupimwa katika mji wetu huu unaokua, uliofanywa makao makuu ya mkoa mwaka 2002. Mpimaji aulize wazee kabla ya kupigilia vigingi.

Makanisa nayo tusiyaache bila neno. Mapokeo mazuri yapo. Wamoravian wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka na kuungoja mwanga wa jua kati ya wafu wao. Wakatoliki huadhimisha kumbukumbu ya marehemu wote tarehe 2 Novemba, na mwezi mzima huo huwaombea. Haya ni mafundisho kwa vitendo, yenye nguvu kuliko hotuba ndefu. Lakini siku hizi misiba mingine imegeuka mashindano ya jeneza, sare na chakula, na baada ya turubai kufunguliwa mjane hubaki na madeni. Kanisa linalohubiri kuonana tena huko juu lianze kwa kuonana tena na mfiwa hapa chini, wiki ya tatu, mwezi wa sita, msimu wa kulima unapofika na mikono ya nyumba ile imepungua.

Tumalizie tulipoanzia. Tutaonana, tunasema makaburini. Ikiwa neno hilo si la kweli, basi tuache kulisema, maana ni ukatili kumdanganya mwenye uchungu. Sisi tunaamini ni la kweli. Lakini kama ni la kweli, basi halina upole tu ndani yake. Maana yake ni kwamba iko siku watu wa Gendabi, wa Nungwi, wa Chumbe na wa Ukara watasimama mbele yetu wakiwa na majina yao. Watakaotutazama ni baba zetu, dada zetu na watoto wetu, na furaha ya kuwaona itakuwa kubwa. Lakini watatujua vilevile. Watamjua aliyekata tiketi, aliyetia saini kibali cha safari, aliyegawa kiwanja katika njia ya maji, na sisi waandishi tulioandika habari zao siku saba kisha tukahamia kwenye mambo mengine.

Kiongozi anayetarajia mkutano huo hana haja ya kutuambia ni mapenzi ya nani. Na aende bandarini kesho asubuhi, ahesabu abiria.